Chebet na Mwalimu Wangu wa Yamumbi

Mswada wa mtu usiusome ukiwa na njaa. Naanza na hilo kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia, na nilijifunza kwa aibu. Mchungaji mmoja wa Kapseret aliniletea maisha yake yote kwenye karatasi, na mimi, nikiwa sijaonja kitu tangu asubuhi, nikamwambia kuwa sura yake ya nne haina uhai hata kidogo. Akaenda nyumbani ameinama. Jioni nikala ugali na sukuma, nikaisoma tena ile sura, nikalia machozi. Kesho yake nilipanda boda boda hadi kwake kumwomba msamaha. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Madam, hata mimi huhubiri vibaya nikifunga."

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kukaa na mwandishi mmoja na kitabu chake mpaka kisimame, siku hizi mna majina mazuri ya kuiita. Sisi hatukuwa na jina. Wengine waliniita mhariri, lakini mhariri hungoja kitabu kiishe ndipo akishike. Mimi nilikishika kikiwa hakijui hata kinaelekea wapi. Hapa Eldoret mjini watu walizoea kusema "yule mama wa vitabu". Fundi wa cherehani aliyenikodisha chumba nyuma ya duka lake aliwaelekeza wageni wangu hivyo hivyo: "Pita hapo kwa nguo, utamwona mama wa vitabu." Chumba chenyewe kilikuwa na meza na viti viwili. Cha tatu sikuweka, na ilikuwa makusudi. Ukiweka cha tatu, mwandishi atakuja na dada yake, na dada ndiye atakayejibu maswali yote.

Shika penseli, usishike kalamu nyekundu. Mtu mzima akiona wino mwekundu anarudi darasa la tano, na mtoto wa darasa la tano hawezi kukuandikia kitabu. Mara ya kwanza soma bila kuandika chochote. Na sentensi yako usimpe mwenzako, hata kama ni nzuri kiasi gani. Nilikuwa na askari mstaafu aliyeandika kana kwamba anajaza ripoti ya kituo. Nikachoka, nikamwandikia sura nzima upya, ikang'aa kama kioo. Akaipeleka nyumbani. Mke wake alipoisoma aliuliza, "Na huyu anayeongea hapa ni nani?" Tukairudisha ile yake ya kwanza, na ndiyo watu waliyoipenda.

Nilipoanza, miswada ilikuja imepigwa taipu, na nakala ya pili ilikuwa na rangi ya moshi. Baadaye zikaja kompyuta, kisha laptopu, na miaka hii ya mwisho watu walinitumia sura nzima kwa sauti kwenye simu, mtu akiwa kwenye foleni ya benki, mpaka unasikia askari wa mlangoni akimwambia asogee. Sikulalamika. Sauti haifichi kitu. Mtu akifika mahali asipoamini alichoandika, utamsikia anakimbia.

Hilo la sauti alinifundisha Mwalimu Ndirangu, na sasa nimefika kwenye jambo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo, yaani wivu. Mmenialika kwenye mikutano yenu mara kadhaa, nimesikia mkizungumza juu ya muundo na wahusika na soko. Juu ya wivu hamsemi kitu, na ninyi mnao. Nimewaona mkipigiana makofi.

Mwalimu Ndirangu alikuwa msomaji wa prufu, zile kurasa za kukaguliwa makosa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda kidogo cha uchapishaji mjini, nami nikaingia pale nikiwa msichana aliyetoka chuoni juzi. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha Kiswahili shuleni, ndiyo maana jina la Mwalimu lilibaki naye. Watu wake walikuwa wametoka huko kwao Kiambu wakanunua shamba Yamumbi, nje kidogo ya mji, wakati Yamumbi ikiwa mahindi matupu. Ulimi wake ulichanganya r na l, kwa hiyo aya iliyomchosha aliiita aya "inayorara", na ofisi nzima tulianza kusema hivyo, hata mimi ambaye, kwa ulimi wa kwetu, nilichanganya p na b mpaka yeye akacheka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mwandishi akileta kazi, Mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini akimtazama mwenyewe, na akifika mahali pabaya alinyamaza tu. Ule unyamavu ulitosha. Watu wazima walitoka pale wakijifuta uso.

Mimi nilimpenda kama unavyompenda mtu unayetaka akuone. Nilimletea chai. Nilijifunza kushika penseli kama yeye. Na niliandika riwaya yangu, asubuhi kabla ya kazi, mpaka ikaisha, nikampa. Alikaa nayo majuma kadhaa. Aliponirudishia alisema, "Rodah, hii imepigwa pasi vizuri sana." Nilitembea na maneno hayo kwa furaha siku nyingi kabla sijaelewa kuwa hayakuwa sifa, kwamba nilikuwa nimeinyoosha mpaka uhai ukatoka. Riwaya ile sikuigusa tena. Niligeukia vitabu vya wengine, na humo nikaweza.

Miaka ikapita, kiwanda kikafungwa, kila mtu akashika njia yake. Mimi nikafungua kile chumba cha nyuma ya cherehani. Mwalimu akarudi Yamumbi kwenye kuku wake na, baada ya kumzika mke wake, akabaki na nyumba kubwa na mjukuu wa kumpikia. Nilimtembelea mara kwa mara. Siku moja akaniambia kuwa macho yamekwisha, presha ya macho imeyala, na daktari hana la kufanya. "Kusoma kwangu kumekwisha, Rodah." Nilimpa pole. Safari iliyofuata nilimpelekea sukari na unga na blanketi, tukazungumza juu ya mvua. Ya miswada sikuyataja kwake tena, kwa heshima.

Miaka kadhaa ikapita hivyo, ndipo akaja Chebet.

Chebet alikuwa na duka la agrovet kule Cheptiret, pale kando ya barabara ya Nakuru. Aliuza dawa za mifugo, mbegu, chakula cha kuku. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye diploma ya kilimo na mdomo usiochelewa. Aliingia kwangu na mswada ndani ya mfuko wa dukani wenye picha ya ng'ombe.

"Madam, nimeambiwa wewe unasomea watu."

"Nasoma nao. Keti."

"Sasa hii kitu sijui ni kitabu ama ni nini. Wewe ndio utaniambia. Kama ni bure niambie haraka, nimeacha duka na mtu."

Nilimwambia nitasoma kwa juma moja kisha aje. Akaenda. Nilipanga kuusoma kesho yake baada ya kula, kama kawaida, lakini nikafunua ukurasa wa kwanza hivi hivi tu. Ulianza hivi:

"Mama mkwe alikufa Jumanne, na kufikia Alhamisi tulikuwa tumeshagombania sufuria zake zote isipokuwa ile iliyotoboka."

Nilisimama. Nilienda dirishani nikatazama watu wakipita na mizigo yao. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote nilihisi kitu kikinikwaruza kifuani, nikakijua jina lake papo hapo. Mimi niliandika riwaya nzima, na ndani yake hakukuwa na sentensi moja iliyokaa hivyo. Na huyu alikuwa ameiandika kati ya mteja wa dawa ya kupe na mteja wa mbegu ya mahindi.

Kitabu kilikuwa juu ya wanawake wawili walioolewa na ndugu wawili, wanaotumia jiko moja. Kilikuwa na nguvu na kilikuwa na fujo. Watu walipotea katikati bila sababu, sura nyingine ilirudia iliyotangulia, na mwisho haukuwepo. Alihitaji mtu wa kukaa naye. Nikaamua kuwa mtu huyo ni mimi, na nitawaambia ukweli, nilifurahi kwamba ana fujo. Fujo ilikuwa nafasi yangu.

Tulikutana kila Alhamisi. Alikuja akinuka kidogo dawa ya mifugo, akanywa chai yangu, akabishana. Nilimwuliza maswali tu. Huyu dada mdogo anataka nini? Kwa nini hamwambii mume wake? Nani aliwasha moto asubuhi hiyo? Alikasirika, akaenda nyumbani, akarudi na kurasa ambazo zilinifanya nisahau chai yangu ikapoa. Nilianza kuingoja Alhamisi tangu Jumapili. Nilikuwa na waandishi wengine watano au sita wakati ule, na niliwahudumia vizuri, lakini wao nilikuwa nao kama kazi. Chebet nilimwona kama wangu.

Nilimsimulia Chebet sana habari za Mwalimu Ndirangu. Kila nilipomweleza jambo nilisema, "Mwalimu wangu alikuwa akifanya hivi." Yeye akauliza, "Bado yuko?" Nikasema, "Yuko Yamumbi, lakini aliacha. Macho."

Basi Alhamisi moja akaniletea sura mpya. Nikaisoma. Ilikuwa imebadilika. Sentensi zilikuwa fupi kuliko zake za kawaida, na zilipumua mahali pasipo pa kawaida yake. Nikauliza imekuwaje inaanza ghafla hivi, katikati ya ugomvi.

"Aya ya kwanza nimeitoa," akasema. "Ilikuwa ya kupangusa viatu tu."

Katika dunia hii nilimjua mtu mmoja aliyesema hivyo. Mwalimu alidai kuwa mwandishi yeyote akifika mlangoni mwa sura hupangusa viatu kwanza, na msomaji hana haja ya kumtazama akipangusa. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia Chebet maneno hayo. Niliyaweka kwangu.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Guka."

"Guka gani?"

"Si yule mwalimu wako wa Yamumbi, Madam. Nilienda kumtafuta. Nilimpelekea chakula cha kuku, tukaongea, sasa huwa naenda Jumamosi."

Guka. Babu, kwa lugha ya kwao. Mimi nilimjua mzee huyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hadi siku hiyo sikuwahi kumwita zaidi ya Mwalimu. Huyu alimjua tangu mwezi uliopita.

Nilisema, "Vizuri." Nikasahihisha alama za mkato ukurasa mzima, ambazo hazikuwa na kosa.

Nyumbani jioni hiyo maharagwe yaliungua. Mume wangu, Barnaba, alikuwa mtu mpole ambaye hakusoma kitabu hata kimoja kati ya vile nilivyovilea, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Akafikiri.

"Kwani huyo mzee ni bwana yako?"

"Acha mzaha."

"Ama huyo msichana ndio bwana yako? Nataka tu nijue nimkasirikie nani."

Sikucheka siku ile.

Jumamosi nikaenda Yamumbi. Sikupiga simu. Nilijiambia naenda kumjulia hali mzee, na hata nilinunua mkate njiani ili uongo huo uwe na kitu cha kushika. Zamani pale palikuwa na mashamba tu, sasa ni nyumba za kupanga zimebanana mpaka langoni kwake, nguo zimeanikwa kila ukuta. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Kabla sijabisha nikasikia sauti ya Chebet akisoma. Alisoma polepole, ile sura ya sufuria. Nikasikia Mwalimu akisema, "Rudia hapo." Akarudia. Na Mwalimu akacheka.

Vijana, mimi nilifanya kazi na mtu huyo meza kwa meza, na nilimwona akitabasamu kwa kazi nzuri labda mara mbili. Kucheka hivyo, kicheko cha tumboni, kile kinachoishia na kikohozi, sikuwahi kukipata kwa sentensi yangu yoyote. Nilisimama pale nje na mkate wangu. Nilitamani Chebet akosee. Nilitamani afike mahali pabaya na mzee anyamaze ule unyamavu wake. Hakukosea.

Nikabisha, nikaingia. Chebet aliruka kama aliyekutwa na kitu cha wizi. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, sweta mbili, uso ameuelekeza juu kama mtu anayesikiliza ndege.

"Ni Rodah," akasema. "Namjua kwa hatua."

"Habari ya leo, Mwalimu."

"Nzuri. Umeniletea mkate. Nasikia harufu."

Nikaweka mkate mezani. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu mzima, lakini maneno yalitoka yenyewe. "Uliniambia umeacha."

"Niliacha nini?"

"Miswada. Uliniambia kusoma kumekwisha. Mimi nikakaa kimya miaka yote hii nisikuumize, kumbe unasoma na watu."

Akasema, bila ukali wowote, "Nilikuambia macho yamekwisha, Rodah. Ukasema pole, ukaniletea sukari. Huyu nilimwambia hivyo hivyo. Akavuta kiti akaanza kusoma."



Chebet akasema kwa sauti ndogo, "Madam, nilitaka kukuambia mapema. Niliogopa utakasirika."

"Sijakasirika."

"Amekasirika," Mwalimu akasema. "Anapumua kwa pua. Chebet, mletee chai."

Nilikunywa chai hiyo. Nikala hata mkate wangu mwenyewe. Lakini msidhani wivu uliisha kwa sababu niliambiwa kweli. Ulihama tu, ukapata chumba kikubwa zaidi. Kabla ya hapo nilikuwa namwonea Chebet wivu wa kipawa. Sasa nilikuwa namwonea wivu wa kiti kile alichovuta, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kukivuta miaka mingi kabla yake na haikunijia akilini.

Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa kuwa kitabu kilikuwa bado hakijaisha na sasa kilikuwa na walezi wawili. Mwalimu alimwambia Chebet aitoe sura ya matanga, yote. Mimi nilikuwa nimemwambia aipanue. Alhamisi akaja, akaweka kichwa kwenye meza yangu.

"Sasa nisikize nani? Nyinyi wawili mtanimaliza."

Ukifika hapo, kijana, usijibu. Siku hiyo usijibu. Nilijua kabisa kuwa kichwani mwangu kulikuwa na watu wawili wanaotumia sauti moja, mkufunzi na mwanamke mwenye wivu, na sikujua ni yupi angefungua mdomo. Nikamwambia aniachie sura hiyo mpaka Jumatatu.

Niliisoma kwa sauti jikoni, nikichambua mboga. Kisha nilikisoma kitabu bila hiyo sura, nikipita kutoka iliyotangulia hadi iliyofuata. Nilitaka sana ionekane pengo. Nilitafuta pengo hilo kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka chini ya kochi. Hakukuwa na pengo. Kitabu kilitembea vizuri zaidi, na ugomvi wa jikoni ukafika mapema na moto wake wote. Mzee, bila macho, alikuwa amesikia.

Nikampigia Chebet simu nikiwa bado nimesimama, kabla sijabadili nia. "Itoe."

"Kweli, Madam?"

"Itoe yote. Mwalimu amesema kweli."

"Hata Guka alisema utakubali. Alisema wewe huwa unafika, ila unapitia njia ndefu."

Nilishukuru, nikakata simu, nikaenda uani kuwafokea kuku wetu.

Kitabu kilitoka. Mnakijua wengi wenu, msome msisome. Katika ukurasa wa shukrani jina la Ndirangu lilitangulia la Rodah. Nilijieleza kuwa ni mpangilio wa alfabeti, na kwa kweli N iko mbele ya R, lakini nilihesabu pia maneno. Yeye alipewa sentensi mbili. Mimi moja, ndefu kidogo.

Baada ya hapo nilidhani mambo yatapoa. Nilianza kwenda Yamumbi mwenyewe, Jumatano, siku isiyokuwa ya Chebet, nikamsomea mzee kazi za waandishi wangu. Alinisikiliza vizuri. Kuna siku alilala. Sikumwamsha, niliendelea kusoma mpaka mwisho wa sura kwa sababu sikutaka mjukuu aliyekuwa jikoni asikie nimenyamaza.

Kisha mwaka mmoja, kabla tu sijastaafu, akatuita wote wawili kwa pamoja.

"Nataka kitabu changu," akasema.

Tukatazamana na Chebet. Mtu huyu alikuwa amesimama nyuma ya vitabu vya watu maisha yake yote na hakuwahi kuandika hata barua ya gazeti.

"Nitakisema kwa mdomo. Chebet ataandika, mikono yake ni ya haraka na anaijua sauti yangu." Nilihisi kile kitu kifuani kikijigeuza. "Na Rodah atafanya kazi yake."

"Kazi gani, Mwalimu?"

"Kazi ambayo umewafanyia watu wote hapa mjini. Utaniambia nikikosea. Makosa yangu mwenyewe siyasikii."

Kwa hiyo nikawa mkufunzi wa mwalimu wangu. Sitawaficha, usiku kabla ya kikao cha kwanza nilichonga penseli tatu kama mwanafunzi. Yeye alisema, Chebet akaandika kwenye laptopu magotini, kisha akamsomea, nami nikakaa upande wa dirisha na kuuliza. Sura za utoto zilikuja nzuri. Za kiwandani zilikuja nzuri zaidi, zenye wino na ubishi. Wale wawili walikuwa wamezoeana sana. Chebet alijua lini amngoje na lini amalizie neno lililomtoroka. Alimvalisha hata sweta bila kumuuliza. Mimi nilitazama nikameza mate.

Tukafika kwenye sura ya mke wake, Mama Wambui. Aliisema kwa siku moja bila kusita. Chebet akamaliza kumsomea. Ilisema kuwa alikuwa mke mwema, mcha Mungu, mwenye bidii, na kuwa waliishi kwa amani mpaka Bwana alipomchukua. Iliendelea hivyo kurasa tatu.

"Umeonaje, Chebet?" akauliza.

"Ni nzuri sana, Guka." Alikuwa na machozi.

"Rodah?"

Nilijua nikisema ndiyo tutakunywa chai. "Mwalimu, simwoni."

"Humwoni nani?"

"Mama Wambui. Namsikia mchungaji akihubiri kwenye mazishi. Yeye simwoni."

Uso wake ukawa mgumu. "Umesikia Chebet amesemaje."

"Chebet anakupenda. Mimi pia nakupenda, lakini hukuniita hapa kwa hiyo."

"Madam, tafadhali," Chebet akasema.

"Enda nyumbani, Rodah," akasema Mwalimu. "Leo umechoka."

Nikachukua mkoba. Nilikuwa nimefika mlangoni, naliona jua kwenye zile nguo zilizoanikwa ng'ambo, aliposema nyuma yangu, "Alikuwa hali na mimi mezani."

Nikageuka.

"Miaka na miaka. Mimi nilikula hapa sebuleni na prufu zangu, yeye alikula jikoni amesimama. Nilidhani ni desturi ya kwao. Siku nilipomuuliza, tayari alikuwa mgonjwa. Aliniambia, 'Wewe mezani una watu wako. Siwezi kugombania meza na watu ambao wengi wao hata sijawaona.' Nikamwambia hakuna watu, ni karatasi." Alipapasa ukingo wa kochi kana kwamba anatafuta mahali pa kushika. "Akataja majina, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anawajua wote kutoka kwa hadithi zangu. Jina la kwanza lilikuwa lako, Rodah. Alisema, 'Huyo Rodah amekula hapa kuliko mimi.'"

Nje mtu aliwasha pikipiki, ikaondoka. Nilirudi nikaketi. Nilifikiria mwanamke yule ambaye enzi za kiwanda alinipa chai pale mara nyingi kwa upole, akanifungia mayai kwenye gazeti nipeleke nyumbani.

Vidole vya Chebet vilikuwa vimesimama juu ya laptopu. Hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa amemsomea, amemwandikia, amemfunga vifungo vya sweta, na neno hilo mzee alikuwa ameliweka miaka yote akalitoa kwangu, mimi niliyekuwa naondoka. Ule mtazamo niliufahamu vizuri sana, mpaka alivyobana midomo. Nilipaswa kumwonea huruma. Nilikuwa na umri wa kutosha kumwonea huruma.

Nilikaa vizuri kwenye kiti changu, nikaweka mkoba chini, nikamwambia Chebet, "Andika."